Nani Alipaswa Kupiga Hodi?

Mara ya kwanza nilikisoma kitabu cha Laura Ingalls Wilder kiitwacho Little House on the Prairie mwaka 1969, nikiwa mwanafunzi wa sekondari. Maktaba yetu ilikuwa kabati moja lenye kioo kilichopasuka, na ufunguo alikaa nao mwalimu wa Kiingereza. Nilikimaliza kwa siku tatu. Kilichonikaa moyoni hakikuwa Marekani wala mbuga zake, bali mlango. Baba wa familia ile, Charles Ingalls, anajenga nyumba ya magogo katikati ya nyasi zisizo na mwisho, hana fundi wala duka la karibu, na anautengeneza mlango mzima bila msumari hata mmoja. Anachonga vigingi vya mbao, anatoboa matundu, anavipigilia. Mwandishi hana haraka. Anatueleza kila kigingi kilivyoingia. Mimi nilikuwa mtoto wa seremala, na mtu anayeweza kuandika hivyo kuhusu ubao nilimwamini kwa kila kitu kingine alichosema.

Mara ya pili ilikuwa juzi juzi tu, miaka zaidi ya hamsini baadaye. Mjukuu wangu wa miaka tisa alikuja kwetu likizo, umeme ukawa unakatika kila jioni, nami nikamtolea kitabu hicho, nakala niliyoinunua zamani katika meza ya vitabu vya mtumba. Kiingereza chake bado hakijakomaa, hivyo nilikuwa nasoma kimya sentensi mbili tatu, kisha namwambia kwa Kiswahili. Sikujua kwamba nimejitega. Mtu asomapo kwa lugha ya mwandishi huvuka mambo mengi kama avukavyo mfereji kwa hatua moja. Akitakiwa ayaseme kwa lugha yake mwenyewe, mbele ya mtoto anayemtazama usoni, ndipo aonapo kina cha mfereji.

Kwa asiyekijua kitabu chenyewe, niseme machache. Kilitoka mwaka 1935, na ni kimoja katika mfululizo wa vitabu alivyovitunga Bi Wilder kuhusu utoto wake, kwa msaada mkubwa wa binti yake, Rose Wilder Lane. Baba, mama, Mary, Laura na Carrie aliye mtoto mchanga wanaondoka katika misitu ya Wisconsin kwa gari la kukokotwa na farasi, lililofunikwa turubai. Wanavuka mito, wanafika Kansas, wanajenga, wanalima, wanaugua, wanaogopa, na baada ya mwaka mmoja wanaondoka. Hakuna zaidi ya hapo. Na hicho kidogo kimesomwa na mamilioni ya watoto, wengi wao wakajifunza humo, kuliko darasani, jinsi Wamarekani weupe walivyoenea kuelekea magharibi katika karne ya 19.

Familia ile ilikuwepo kweli, na safari ilifanyika kweli, kati ya mwaka 1869 na 1871. Lakini Laura alizaliwa Februari 1867. Alikwenda Kansas akiwa na miaka miwili na ushei, akarudi akiwa na minne. Carrie, ambaye kitabuni anapakiwa garini tangu Wisconsin, alizaliwa huko huko Kansas, Agosti 1870. Kwa hiyo kinachoitwa kumbukumbu za mtoto ni, kwa sehemu kubwa, hadithi alizosimuliwa na wazazi wake jioni baada ya jioni, akazitunza hadi uzeeni. Silitaji jambo hili kama kosa. Nalitaja kwa sababu huelekeza namna ya kukisoma kitabu: hapa hatusikii tu alichokiona mtoto, tunasikia vilevile kile ambacho wazazi waliamua mtoto akikumbuke.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa jina. Nilisema “Wahindi”, mjukuu wangu akaniuliza, “Wa dukani, Babu?” Nikasema hapana, Wahindi Wekundu. Akataka kujua ni wekundu namna gani. Nikaona nimeanza kulipa deni la Christopher Columbus kwa fedha yangu mwenyewe, nikaamua kuwaita kwa jina lao. Waliokuwa wakiishi mahali pale walikuwa Waosage, na tangu hapo niliwaita hivyo kila walipotokea. Wilder mwenyewe anawataja kwa jina hilo, ila amechelewa sana, karibu na mwisho, baba anapotaka kueleza ni kabila gani lililokataa kuwaua wazungu. Kabla ya hapo ni kundi tu la watu wasio na jina, kama wanyama wa mbugani walivyo kundi.

Kikwazo cha pili kilikuwa kikubwa zaidi. Mwanzoni kabisa, mwandishi anaeleza nchi ile ya magharibi ilivyo: nyasi ndefu, wanyama wanaotembea na kula bila mipaka. Katika toleo la 1935 aliongeza kwamba hapakuwa na watu. Walioishi huko walikuwa Wahindi tu. Mwaka 1952 msomaji mmoja aliliandikia shirika la uchapishaji kulalamika. Mhariri alishtuka kwamba kwa miaka yote ile hakuna mtu pale ofisini aliyeona neno hilo linasema nini, na Bi Wilder, aliyekuwa bado hai na umri wake ukikaribia miaka tisini, alikiri kosa bila kujitetea. Katika toleo la 1953, penye “watu” pakawekwa neno ambalo kwa Kiswahili hatuna budi kulisema “walowezi”. Nakala yangu ni ya baada ya masahihisho.

Basi nikasoma: huko hapakuwa na walowezi. Mjukuu wangu, ambaye neno hilo amelisikia darasani, akainuka kwenye mto. “Kumbe baba yake Laura ni mlowezi?”

Hapo ndipo nilipoona uwezo wa lugha yetu ambao sikuutarajia. Neno la Kiingereza lililowekwa mwaka 1953 ni la upole. Linabeba maana ya mtu aliyetulia, aliyeweka mizigo chini. Letu linatokana na kulowea, yaani kuhamia ugenini na kukaa moja kwa moja, na katika Afrika Mashariki neno hilo limepita katika Nyanda za Juu za Kenya likarudi na vumbi lake. Mhariri wa New York alidhani ameponya sentensi. Kwa Kiingereza labda aliiponya. Kwa Kiswahili sentensi ile inageuka mashtaka, kwa kuwa inatuambia kwamba nchi ilikuwa haina walowezi, kisha ukurasa unaofuata wanaingia mmoja mmoja, na tumeshaonyeshwa sura zao na kuzipenda.

Na hakika tunawapenda. Hili sitaki kulificha, maana mhakiki anayeficha kwamba alifurahi si wa kuaminiwa. Sijui waandishi wengi wanaoweza kuandika kazi za mikono kama Wilder. Kisima kinachimbwa, na kabla ya kuteremka mtu, mshumaa unateremshwa kwanza kupima hewa mbaya. Usiku wa Krismasi jirani yao, Bwana Edwards, anavuka mto uliofurika, nguo kichwani, ili watoto wawili wapate kikombe cha bati kila mmoja, pipi, kitumbua cha keki na senti moja. Mjukuu wangu, ambaye ana viatu jozi nne, alinyamaza kwa wivu.

Halafu kuna sura ya homa. Nyumba nzima inalala chini kwa wakati mmoja, inatetemeka katika jua kali, mtoto anaomba maji na hakuna wa kumpa isipokuwa mtoto mwenzake anayejikokota sakafuni. Majirani wanalaumu matikiti maji. Baba anasema ni hewa ya usiku. Ni malaria, na msomaji wa kwetu anaijua tangu dalili ya kwanza, kabla mwandishi hajaitaja. Anayewaokoa ni daktari mweusi aliyekuwa akiwatibu Waosage, ambaye alipita tu njiani akawakuta. Anawapa dawa chungu, nasi tunaijua ladha yake. Daktari huyo, George Tann, si mtu wa kubuni. Aliishi jirani na familia hiyo. Mara ya kwanza niliposoma, mwaka 1969, nilirudia kurasa zile mara mbili kwa ajili yake. Leo naongeza swali dogo: daktari wa Waosage alikuwa anatafuta nini njiani, kama huko hapakuwa na watu?

Sasa nifike kwenye mlango.

Siku moja baba amekwenda kuwinda. Wanaume wawili wa Osage, wamevaa ngozi mbichi za vicheche zinazonuka nyumba nzima, wanaingia ndani. Hawasemi neno. Mama anawaokea mkate wa mahindi, mikono ikimtetemeka. Wanakula hadi chembe ya mwisho, kisha wanaondoka na tumbaku ya baba. Sura ile imeandikwa kwa ustadi mkubwa. Laura amejificha nyuma ya ubao mwembamba, anachungulia kwa jicho moja, na sisi tunachungulia naye. Hofu yake inakuwa yetu. Na katika hofu hiyo mwandishi hahitaji kutuambia kwamba wageni hawa hawana adabu. Hawakubisha. Waliingia tu.

Niliposema kwa Kiswahili kwamba waliingia bila hodi, mtoto akatikisa kichwa: vibaya hivyo. Nami nikakubali, nikageuza ukurasa. Usiku, kitandani, neno lile likanirudia. Hodi ni ya nani kwa nani? Anayepiga hodi ni yule anayefika kwa mwenyeji. Anasimama nje, anangoja aambiwe karibu, na asipojibiwa mara tatu anaondoka. Hayo tumefundishwa kabla ya kujua kusoma. Basi katika kitabu kizima, ni nani aliyefika kwa nani?

Mimi kazi yangu ilikuwa upimaji ardhi, nayo imeniharibu macho. Siwezi kusoma hadithi yoyote bila kutaka kujua kiwanja kiko wapi. Kitabu kinasema nyumba ilikuwa maili 40 kutoka mji wa Independence. Watafiti waliotumia kumbukumbu za serikali wameipata karibu maili 13 tu, kama kilomita 21, kusini magharibi mwa mji huo, ndani ya Kansas. Wilder na binti yake, walipotaka kupaona tena, walipatafuta Oklahoma. Maili 40 zingewafikisha huko. Nyumba ilisimama kwenye eneo lililokuwa limesalia la Waosage. Nasema lililosalia kwa sababu watu hawa walikuwa na nchi kubwa. Kwa mikataba ya 1808, 1818 na 1825 walitoa sehemu kubwa ya nchi ambayo leo ni Missouri na Arkansas, wakabaki na ukanda wa maili 50 kwa upana kusini mwa Kansas. Mwaka 1865 ukanda huo ukapunguzwa tena, wakabaki na upana wa maili 30. Humo, katika hizo 30, ndimo Charles Ingalls alimosimamisha farasi wake mwaka 1869, akasema hapa panafaa.

Wengi hudhani alikuwa amepewa ardhi kwa ile sheria maarufu ya mwaka 1862, iliyompa mtu ekari 160 akizikalia na kuzilima miaka mitano. Haikuwa hivyo. Sheria ile haikugusa ardhi ya Waosage. Mhesabu watu wa mwaka 1870 alipofika kwa familia hii na majirani zao, safu ya thamani ya ardhi aliiacha wazi, kwa kuwa ardhi ilikuwa ya Waosage na hao waliokaa juu yake hawakuwa na hati. Nimejaza majedwali mengi maishani mwangu. Najua uzito wa safu iliyoachwa wazi.

Sasa tazama jinsi kitabu kinavyomchora mtu huyu. Ilipofika kuezeka paa, vigingi havikutosha, akaazima misumari kwa Bwana Edwards. Kila msumari uliomponyoka kidoleni aliutafuta nyasini, maana alikusudia kuirudisha yote. Misumari ya kuazima inamnyima raha! Huyu ni mtu mwaminifu kweli. Sidhani mwandishi anatudanganya. Na mtu huyo mwaminifu ameweka nyumba yake kando ya njia kuu ya Waosage. Baadaye, mbwa wake anapomzuia mpanda farasi wa Osage asipite njia ya babu zake, na bunduki inaelekezwa kwa mbwa, baba anakiri kwamba asingejenga pale kama angejua njia ile inatumika. Kujenga hatua chache kando haikumpitia kwamba ni jibu la swali lile lile, kwa kipimo kidogo zaidi.

Mama anawachukia Waosage bila kuficha. Jirani, Bibi Scott, anasema maneno mabaya zaidi, yale yanayojulikana, kwamba Mhindi mzuri ni yule aliyekufa. Baba hakubaliani nao. Wahakiki wengi waliokitetea kitabu wamejificha nyuma ya baba: tazameni, wanasema, mwandishi ametuletea sauti ya haki. Mimi nadhani baba ndiye wa kumwangalia zaidi. Mama anachukia watu na anatamani kuondoka. Baba anawaheshimu, anawasifu, anaelewa kwamba wana sababu ya hasira, na hang’oki. Usiku mmoja Laura anamuuliza: serikali itawahamisha Wahindi? Ndiyo, wazungu wakifika Wahindi huwa hawana budi kusogea magharibi. Lakini hii si nchi yao? Hawatakasirika? Hapo baba anamkatiza: maswali basi, lala.

Nilipofika hapo nilinyamaza kidogo. Mjukuu wangu akasema, “Hata wewe huwa unanijibu hivyo.”

Na kweli. Nami ninayo ardhi ambayo sitaki kuulizwa. Nyumba hii niliyomsomea ndani yake imejengwa kwenye kiwanja kilichokuwa shamba la watu, pembezoni mwa mji uliokuwa unapanuka. Mimi mwenyewe nilikuwa katika timu iliyopima, katikati ya miaka ya themanini. Fidia ililipwa kwa desturi ya wakati ule: miembe ilihesabiwa, minazi ilihesabiwa, kibanda kilithaminiwa, na ardhi yenyewe ikaandikwa haina bei. Hayo yalikuwa kabla ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kutamka kwamba ardhi ina thamani. Nikapata kiwanja kihalali kabisa; hati ninayo. Kwa miaka kadhaa msimu wa maembe alikuwa akija bibi mmoja, anapita getini bila neno, anakwenda moja kwa moja kwenye mwembe ulio nyuma, anaokota, anajaza kikapu, anaondoka. Mke wangu alikuwa akimwandalia chai. Mimi nilikuwa nikinung’unika kwamba hata hodi hajui. Kisha msimu mmoja hakuja, na sikuuliza.

Sitaki kuendelea na habari zangu, maana kitabu ndicho kilichoko mezani. Nasema tu kwamba sikukisoma nikiwa nimesimama upande wa wasio na hatia.

Kuna sura ambayo nadhani ndiyo inayofichua zaidi, ingawa imeandikwa kwa furaha. Waosage wamekwenda kuwinda baisani, wale nyati wa Amerika, na kambi yao iko tupu. Baba anawachukua Mary na Laura kwenda kuitazama. Anawafundisha kusoma alama: hapa palikuwa na moto, hapa mwanamke aliinama akikoroga chungu, hizi ni alama za viatu vyake vya ngozi na pindo la sketi yake. Ni somo zuri la kutazama. Baba anasoma majivu kama sisi tusomavyo ramani. Kisha watoto wanaona shanga vumbini, za buluu, nyekundu na nyeupe, wanaokota hadi zinakwisha. Nyumbani, Mary mwema anasema zake atampa Carrie, na Laura, kwa shingo upande, naye anampa zake. Mama anatunga mkufu mmoja. Funzo la sura ni ukarimu kati ya dada na dada, na moyo wa Laura unaoumia kwa kuwa hakutaka kutoa. Mwandishi ameuchunguza moyo ule mdogo kwa ukweli ambao vitabu vya watoto huwa navyo kwa nadra. Lakini katika nyumba ile yote, yenye baba arudishaye kila msumari, hakuna anayeuliza shanga ni za nani. Mwanamke aliyekoroga chungu alikuwa atarudi. Taarifa za wakala wa serikali aliyewasimamia Waosage, Isaac Gibson, zinaonyesha kwamba Waosage waliporudi kutoka mawindoni katika miaka ile walikuta wageni wameiba mali zao na hata kufukua makaburi.

Labda msomaji ataniambia kwamba namwonea bibi kizee aliyeandika utoto wake. Ningekubali, lau kitabu kisingekuwa na sura ya Waosage kuondoka.

Septemba 1870, kule Drum Creek, Waosage walikubali kuiacha Kansas. Ardhi yao iliuzwa kwa walowezi kwa dola 1.25 kwa ekari, fedha ikawekwa hazina ya serikali kwa niaba yao, nao wakahamia kusini. Kitabuni hakuna mkataba wala dola. Kuna asubuhi moja tu. Familia imesimama mlangoni, na msururu wa farasi unapita mbele ya nyumba, wanaume kwanza, kisha wanawake na watoto, hadi jua linapita utosini na bado unaendelea. Katika kikapu kilichoning’inia kwenye farasi, Laura anaona mtoto mchanga mwenye macho meusi sana. Wanatazamana. Laura anamwomba baba ampatie mtoto yule. Anakatazwa. Analia kwa sauti, anaulizwa kwa nini amtake, wakati wao wanaye Carrie, na hawezi kueleza zaidi ya kutaja macho yale. Msururu unapokwisha, hakuna anayetaka kula.

Nimesoma wanaoichukulia sura hii kama aibu: mtoto mweupe anataka hata mtoto wa wenzao, baada ya ardhi na shanga. Wana haki ya kuona hivyo. Tamaa ile ipo. Mimi naona na jingine. Ni mahali pekee katika kitabu ambapo mtu wa nyumba ile anajua kwamba jambo kubwa linatendeka, na anayejua ni yule asiye na maneno. Baba ana maneno, mama anayo, na maneno yao yote yanasaidia kuufanya msururu ule uonekane kama mvua, kitu kinachopita kwa kupita kwake. Laura analia, anaambiwa aone aibu. Wilder alikuwa na zaidi ya miaka sitini alipoandika kilio hicho, na hakukieleza. Angeweka sentensi moja tu ya maelezo, angekiharibu. Hapo naona mwandishi mkubwa kuliko kitabu chake, na ndiyo sababu nadhani masahihisho ya neno moja hayakuwa na maana sana. Kitabu hakikuhitaji kusafishwa ukurasa wa kwanza. Kilihitaji kuusikiliza ukurasa huu.

Hakikuusikiliza. Sura inayofuata inakuja habari kwamba askari watawaondoa walowezi, na baba, kwa hasira dhidi ya wanasiasa wa Washington, anaamua kuondoka kabla hajaondolewa. Tunaachwa tukimhurumia kama aliyedhulumiwa. Mambo yalivyokuwa ni kinyume: wakati ule serikali ilikuwa imeshawafungulia walowezi mlango, na wengi wa majirani walibaki wakanunua. Familia ya Ingalls ilirudi Wisconsin kwa sababu aliyenunua nyumba yao ya zamani alishindwa kumaliza malipo, nyumba ikarudi mikononi mwao. Sababu ya fedha tu, ya kawaida, kama zetu. Kwa nini kitabu kikachagua ile nyingine? Nadhani kwa kuwa hadithi inayomalizika kwa baba kufukuzwa kwenye ardhi inamweka baba mahali pa Waosage, na kiti kile hakiwezi kukaliwa na wawili.

Mwaka 2018 chama cha wakutubi wa watoto cha Marekani kiliondoa jina la Wilder kwenye tuzo ambayo mwaka 1954 ilianzishwa kwa heshima yake na kutolewa kwake kwanza. Palitokea kelele kubwa, wengine wakisema kitabu kimepigwa marufuku, jambo ambalo si kweli. Mimi sikuona ubaya. Tuzo ni ya chama, na chama kina hiari ya kuipa jina kipendalo. Ila naogopa wakutubi wa kwetu wakisikia habari nusu watakiondoa rafuni. Kiacheni, na kando yake kiwekeni The Birchbark House cha Louise Erdrich, kilichotoka mwaka 1999, ambamo msichana wa Ojibwe anaishi kwenye kisiwa cha Ziwa Superior mwaka 1847, katika nyumba yenye watu, majina, vicheko na mazishi. Si bora kuliko Wilder katika habari za useremala. Katika mengine nadhani ni bora.

Usiku wa mwisho tulifika wanapoondoka. Baba anafunga mlango, na kamba ya komeo, ambayo kila usiku ilikuwa ikivutwa ndani ili asiingie mtu, anaiacha inaning’inia nje. Mtu anaweza kuhitaji pa kujihifadhi, anasema. Nilimweleza mjukuu wangu jinsi komeo lile lilivyofanya kazi, hata nikamchorea kwa kalamu ya risasi pembeni mwa gazeti.

“Kwa hiyo sasa mtu yeyote anaweza kuingia?”

“Yeyote.”

“Hata Waosage?”

Nikamwambia Waosage walikuwa wameshahamia kusini, Oklahoma ya leo, ambako walinunua ardhi kwa Wacherokee kwa fedha yao wenyewe, na kwamba wako huko hadi sasa, makao yao ni mji wa Pawhuska. Akafikiri. Akauliza ni nani basi aliyeingia katika nyumba ile. Nikamwambia kitabu hakisemi. Akataka tukitafute kingine kinachosema, nami nikazima taa, nikakumbuka, nikaiwasha tena.